Mtu wa Kilomita ya Thelathini

Kazi ya mweka kasi huisha kabla mbio hazijaisha. Wenzake wakiwa bado wanautafuta utepe, yeye ameshatoka barabarani, amejifunika blanketi, anauliza gari la kumrudisha hotelini liko wapi. Kamera zimemwacha. Orodha ya matokeo itaonyesha kwamba hakumaliza. Naye hakukosea lolote: alikimbia kwa kasi aliyoagizwa, akafika kilomita iliyotajwa kwenye mkataba, akapisha. Ni vigumu kupata kazi nyingine ya michezo ambayo mtu akiifanya barabara huandikwa pamoja na walioshindwa.

Mtu huyo anastahili sifa, na mahali pazuri pa kumsifia ni Kuresoi. Eneo hilo liko magharibi mwa kaunti ya Nakuru, pale ardhi inapopanda kuelekea msitu wa Mau. Ukitoka Molo kwenda Keringet na Olenguruone unapita mashamba ya viazi, kabeji na pareto, kisha ukisogea upande wa Kiptagich unaingia kwenye majani chai. Ni nchi ya baridi na ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi humfunza mtoto kupumua vizuri kabla hajaambiwa kwamba kuna mchezo unaoitwa riadha. Faith Kipyegon alikulia huko, kijijini Ndabibit. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia pekupeku kwenye mashindano ya dunia ya nyika mjini Bydgoszcz, Poland, akawa wa nne kwa wasichana chipukizi. Mwaka uliofuata, huko Punta Umbría, Hispania, akarudi vile vile bila viatu na kutwaa dhahabu. Geoffrey Kirui, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2017, ni mzaliwa wa Keringet.

Hayo ni majina yanayojulikana. Lakini ardhi inayotoa bingwa mmoja hutoa pia makumi ya wakimbiaji hodari ambao hawatakuwa mabingwa. Ni wepesi kuliko karibu kila mtu duniani, ila si wepesi kuliko jirani yao. Katika nchi nyingine wangebeba bendera ya taifa. Bonde la Ufa hawapati hata nafasi kwenye timu ya kaunti. Wengi wa watu hao ndio wanaoishi kwa kazi ya kuweka kasi, na kazi hiyo ina ufundi wake ambao hatujaupa heshima inayoustahili.

Tuutazame ufundi wenyewe. Mwandalizi wa marathoni kubwa anataka rekodi, au angalau muda utakaoandikwa magazetini. Kabla ya siku ya mbio, wakimbiaji wakuu hukubaliana nusu ya kwanza ipitwe kwa dakika ngapi. Wakisema dakika 62, basi kila kilomita inataka dakika 2 na sekunde 56 hivi, na hesabu hiyo anapewa mweka kasi alale nayo. Asubuhi yake atasimama mbele ya maelfu ya watu, moyo unadunda, mwili umepumzishwa, miguu inataka kuruka. Naye anatakiwa akimbie 2:56. Isiwe 2:52, isiwe 3:00. Sekunde 4 katika kilomita moja zinaonekana si kitu. Lakini zikiibwa kila kilomita tangu mwanzo, mwili wa anayemfuata huanza kuimaliza mapema akiba ya sukari iliyomo misulini, na deni hilo hudaiwa baada ya kilomita 35, wakati mweka kasi keshaoga.

Saa ya mkononi husaidia, lakini humwambia mtu kosa ambalo ameshalifanya. Kasi yenyewe lazima ikae mwilini: katika urefu wa hatua, katika pumzi ngapi kwa hatua ngapi. Hupatikana kwa mazoezi ya miaka, kwa kuzunguka uwanja wa udongo mara nyingi kiasi kwamba mkimbiaji anaweza kukisia sekunde za mzunguko kabla kocha hajazisoma. Juu ya hilo kuna mambo mengine ambayo mtazamaji wa televisheni hayaoni. Upepo ukivuma kutoka mbele, mweka kasi hujipanga ili kifua chake kiupokee na aliye nyuma apite penye utulivu. Kwenye kona hufuata mstari uliochorwa barabarani kuonyesha njia fupi kuliko zote, kwa sababu anayetanua kona huongeza mita, na mita huongeza sekunde. Kwenye meza za maji hujitenga kidogo, ili bingwa afikie chupa yake bila kukanyagana na mtu. Barabara ikipanda hupunguza kasi kwa kadiri ya mlima, ikishuka hairuhusu imchukue. Kila baada ya muda hugeuka nyuma kuhakikisha kwamba anafuatwa, maana mweka kasi aliyewaacha wenzake mita 50 nyuma anajikimbilia mwenyewe. Mwisho wa yote, hutoka. Kutoka nako ni ufundi: asimame pembeni bila kumkata mtu njia, bila kugeuka ghafla, bila kumtisha bingwa ambaye sasa atabaki na barabara tupu mbele yake.

Fundi wa mawe hukaza uzi kutoka kona hadi kona kabla ya kupanga mstari wa kwanza. Ukuta ukisimama, uzi huviringishwa na kutiwa mfukoni, na wageni wanaokuja kuisifu nyumba hawauulizi. Lakini ukuta uliojengwa bila uzi hujulikana kwa mbali.

Tarehe 28 Septemba 2003, mjini Berlin, kazi ya mweka kasi ilionekana wazi kuliko siku yoyote. Paul Tergat, mwana wa Baringo, alikuwa ameambulia fedha mara mbili nyuma ya Haile Gebrselassie katika mita 10,000 za Olimpiki, Atlanta mwaka 1996 na Sydney mwaka 2000. Sasa alikuwa amehamia marathoni na anaitaka rekodi ya dunia, ambayo Khalid Khannouchi alikuwa ameiweka kuwa saa 2:05:38. Miongoni mwa waliokodiwa kumvuta walikuwamo Wakenya wenzake, Sammy Korir na Titus Munji. Korir hakuwa mgeni wa mbio hizi. Alikuwa ameshinda Amsterdam mwaka 1997 na 1998, na miaka mitatu baadaye angeshinda Rotterdam. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa kibarua wa kasi. Kilomita za kupisha zikafika, zikapita, na Korir na Munji wakawa bado wapo. Mwishoni Tergat na Korir walikuwa wakipigania utepe. Tergat alimaliza kwa saa 2:04:55, mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2:05. Korir alimaliza kwa saa 2:04:56. Munji akawa wa tatu kwa saa 2:06:15.

Hebu tuisome hesabu hiyo tena. Asubuhi moja watu wawili waliipita rekodi ya dunia, na mmoja wao alikuwa amelipwa ili amsaidie mwingine. Kwa kukosa sekunde 1, Korir akaingia kwenye historia kama mtu aliyekimbia muda wa pili kwa ubora duniani bila kuwahi kuishika rekodi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini: leo ukitaja Berlin 2003 katika kibanda chochote cha chai cha Bonde la Ufa, jina litakalojibu ni la Tergat, na ni haki lijibu. La Korir hutajwa na wachache wanaozikumbuka nambari.

Wapo wengine waliobaki barabarani zaidi ya ilivyotarajiwa. Simon Biwott alikwenda Berlin mwaka 2000 kama mweka kasi, akajiona bado ana nguvu, akaendelea mpaka akashinda kwa saa 2:07:42. Mwaka uliofuata alipata fedha katika mashindano ya dunia ya Edmonton, sekunde 1 nyuma ya Gezahegne Abera wa Ethiopia. Paul Pilkington, Mmarekani, alifanya kama Biwott huko Los Angeles mwaka 1994 na kushinda, huku waliomfuata wakidhani angesimama wakati wowote. Oslo mwaka 1981, Tom Byers alitangulia mita 1,500 kuweka kasi. Kundi lililokuwa na Steve Ovett likakataa kumfuata, likachelewa kushtuka, na Byers akashinda kwa nusu sekunde hivi. Sheria haikatazi mambo hayo, kwa kuwa mweka kasi aliyeanza mbio pamoja na wenzake ni mshindani kamili. Hadithi hizi hupendwa kwa sababu ni za mtumishi aliyetawazwa. Mimi nazipenda kwa sababu nyingine: zinathibitisha kwamba anayepisha kwenye kilomita ya 30 mara nyingi angeweza kuendelea, na kwamba kupisha kwake kunamgharimu.

Kwa hiyo sifa yangu kubwa zaidi inawaendea waliopisha. Mchukue Sammy Tangui. Agosti 2010 David Rudisha wa Kilgoris aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya wiki moja: tarehe 22 mjini Berlin kwa dakika 1:41.09, na tarehe 29 mjini Rieti, Italia, kwa 1:41.01. Rekodi iliyokuwapo, 1:41.11 ya Wilson Kipketer, ilikuwa imedumu miaka 13. Katika mbio zote mbili aliyetangulia mzunguko wa kwanza ni Tangui, naye mara zote mbili alipita mita 400 chini ya sekunde 49. Kwenye mita 800 hakuna nafasi ya kurekebisha. Ukiwahi kwa nusu sekunde umemchosha bingwa, ukichelewa kwa nusu sekunde umeizika rekodi, na baada ya mzunguko mmoja na ushei unatoka njiani. Kuipatia kasi hiyo mara moja ni bahati. Kuipatia Berlin na kuirudia Rieti siku 7 baadaye ni ufundi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Agosti 2012, Rudisha alifika kwenye fainali ya Olimpiki ya London. Olimpiki haina waweka kasi. Akatoka mbele tangu kona ya kwanza, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi mpya ya dunia. Watu husema alikimbia peke yake, nao hawakosei. Lakini mzunguko ule wa kwanza alikuwa ameshaukimbia mara nyingi nyuma ya mgongo wa mtu mwingine, na mwili wake ulikuwa umeukariri. Kisha yeye mwenyewe akawawekea kasi wenzake: Andrew Osagie wa Uingereza, aliyekuwa wa nane na wa mwisho, alimaliza kwa 1:43.77, muda ambao ungetosha kutwaa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Kasi nzuri humfaidi hata anayefunga mkia.

Ufundi huu ulifikishwa kileleni mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Waweka kasi walikuwa 41, wakipokezana kwa makundi: watano wametangulia katika umbo la V, wawili wakifuata nyuma, na gari mbele yao likimulika mstari wa mwanga barabarani. Miongoni mwao alikuwamo Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2016. Alikuwamo Bernard Lagat, mkongwe mwenye medali za dunia na za Olimpiki. Walikuwamo ndugu watatu wa ukoo wa Ingebrigtsen kutoka Norway. Watu waliozoea kutanguliwa na kamera waliikubali kazi ya kukata upepo. Walipokaribia utepe walifunguka pande mbili wakampisha Kipchoge amalize peke yake, huku wao wakishangilia kama waliomaliza wenyewe. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi, moja ya sababu ikiwa kwamba waweka kasi waliingia njiani badala ya kuanza wote pamoja. Sheria hiyo ni ya haki. Hata hivyo, siku hiyo dunia iliwaona waweka kasi kuwa timu, na majina yao yalitangazwa.

Miaka sita baadaye zamu ikawa ya binti wa Ndabibit. Tarehe 26 Juni 2025, katika uwanja wa Charléty mjini Paris, Faith Kipyegon alijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Aliwekewa waweka kasi 13, wanaume na wanawake, wamepangwa mbele na nyuma ili hewa impishe. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Ulikuwa muda bora kuliko rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64, aliyoiweka Monaco mwaka 2023, lakini sekunde zaidi ya 6 kutoka kwenye lengo, na haukuweza kuhesabiwa kwa sababu ya mpangilio ule. Siku 9 baadaye, huko Eugene, Marekani, kwenye mashindano ya kawaida, aliivunja rekodi yake ya mita 1,500 kwa 3:48.68. Mbio hizi mbili zinatufundisha mpaka wa kazi tunayoisifu. Mweka kasi hawezi kumpa mtu nguvu asiyokuwa nayo. Anachoweza ni kuzuia nguvu iliyopo isipotee kwa woga, kwa pupa au kwa upepo. Ni kidogo, na ndicho kinachotenganisha rekodi na kujaribu.

Kuna wanaosema kwamba siku za waweka kasi zimekwisha. Siku hizi viwanja vikubwa vina taa zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani, zinazokimbia kwa kasi iliyotegwa, na mkimbiaji huzifuata. Joshua Cheptegei wa Uganda alizitumia Monaco tarehe 14 Agosti 2020 alipokimbia mita 5,000 kwa 12:35.36 na kuifuta rekodi ya Kenenisa Bekele iliyodumu miaka 16. Lakini hata usiku huo walitangulia watu, akiwamo Stephen Kissa wa Uganda. Taa haikati upepo. Taa haigeuki nyuma ikaona kwamba bingwa amekunja uso, ikatulia kidogo mpaka apate pumzi. Na Kissa huyo huyo, Aprili 2022, alikimbia marathoni ya Hamburg kwa saa 2:04:48, akipitwa kwa sekunde 1 na Mkenya Cyprian Kotut. Hakuna taa iliyowahi kupanda cheo namna hiyo.

Wengine wana hoja nzito zaidi: kwamba waweka kasi wanaziharibu mbio, wanazigeuza kuwa hesabu, wanawanyima watazamaji vita vya kweli. Watu hao watakutajia Geoffrey Kirui. Mzaliwa huyo wa Keringet alishinda Boston mwezi Aprili 2017 kwa saa 2:09:37, na mwezi Agosti mwaka huo huo akashinda taji la dunia mjini London kwa saa 2:08:27, na mbio zote mbili hazina waweka kasi. Hapo kila mtu anamwogopa mwenzake, hakuna anayetaka kukata upepo, na anayejua kusubiri ndiye anayechuma. Nakubali kwamba mbio hizo zina utamu wake. Lakini ni mchezo mwingine. Boston humuuliza mkimbiaji kama anaweza kumshinda aliye karibu naye. Berlin humuuliza binadamu anaweza kufika wapi, na swali hilo halijibiwi na mtu mmoja. Roger Bannister, aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4, kwa 3:59.4, mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954, alivutwa na Chris Brasher kisha na Chris Chataway. Tangu mwanzo rekodi kubwa zimekuwa mali ya ushirika iliyoandikwa jina moja.

Sasa turudi kwenye mashamba ya viazi. Kijana wa Kuresoi anayeweza kukimbia nusu marathoni kwa dakika 61 hatashinda London wala Chicago. Wapo wengi wanaomzidi. Lakini anaweza kumfikisha mtu mwingine nusu ya njia kwa usalama, na kwa kazi hiyo wakala atamtafutia mkataba: nauli, hoteli, malipo ya kufika kilomita 25 au 30, na nyongeza kama kasi ilikaa sawa. Ni kipato cha mtu wa kazi, nacho kinaweza kununua ng'ombe wa maziwa au kulipa karo ya ndugu. Pia ni shule, kwa kuwa anayekimbia mbele ya bingwa kwa saa moja na nusu hujifunza kutoka kwake mambo ambayo kocha hawezi kuyaeleza. Tatizo ni kwamba tunamlea kijana huyo tukimwambia kuna njia mbili tu, kushinda au kupoteza wakati. Akirudi kutoka Ulaya bila medali, kijiji humpokea kama aliyekosa, hata kama alitekeleza kila neno la mkataba wake. Asiyekujua hakuthamini, na sisi hatukutaka kumjua.

Hili linaweza kurekebishwa bila gharama. Waandalizi wa mbio waache kumweka mweka kasi katika orodha moja na walioumia na waliochoka. Waandike kwamba alimaliza kazi yake, na kilomita aliyoimalizia. Watangazaji wetu wa redio na televisheni, ambao hutumia nusu ya matangazo wakimwita mtu wa mbele "huyo mweka kasi", wajifunze jina lake kabla ya mlio wa bunduki. Makocha wa shule za Keringet na Olenguruone wafundishe kasi sawa kama wanavyofundisha kumalizia kwa nguvu, na wamsifu mtoto anayeweza kuzunguka uwanja mara kumi kwa muda ule ule. Na wewe msomaji, ukikaa kutazama marathoni ijayo, mwangalie kwanza yule anayeupokea upepo.

Rekodi ya dunia ya Berlin ya mwaka 2003 ina jina moja kitabuni. Kwa haki, ilistahili matatu.